Vifungio vya Mbao Vinavyotanuka: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Karakanani

Tunabuni na kutengeneza vifungio vya mbao hapa Kariobangi Light Industries, Nairobi. Wanaotuuliza ni mafundi wa fanicha wa Barabara ya Ngong na Gikomba, wanafunzi wa uhandisi wenye mradi wa mwaka wa mwisho, na watu wa kawaida ambao kabati lao limekataa kusimama baada ya kuhama nyumba. Maswali ni yale yale, kwa hivyo tumeyaweka mahali pamoja. Mengine tumeyajibu kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo vifaa na pesa za watu hupotelea.

Kifungio kinachotanuka ni kitu gani hasa?

Ni kipande kinachoingia kwenye tundu kikiwa chembamba, halafu kinanenepa kikishafika ndani. Vingi vina sehemu tatu: ganda lililopasuliwa kwa urefu, koni, na bolti. Ukikaza bolti, koni inavutwa ndani ya ganda, ganda linafunguka, na kuta za ganda zinasukuma kuta za tundu. Kinachoshikilia ni msuguano pamoja na meno madogo yaliyochongwa nje ya ganda.

Seremala anayegonga kabari juu ya mpini wa nyundo anafanya kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba hapa kabari inavutwa na thredi, na unaweza kuilegeza utakapotaka.

Skrubu ya kawaida imekosa nini?

Haijakosa kitu, kama utaifunga mara moja na basi. Shida huja kwa fanicha ya kufunguliwa na kufungwa tena. Mpangaji wa Nairobi anayehama kutoka Umoja kwenda Roysambu anafungua kitanda, kabati na meza, anavipandisha kwenye pikapu, anavifunga tena gorofa ya nne. Skrubu iliyoingia kwenye chipbodi inashika vizuri mara ya kwanza. Kila unapoirudisha inakata njia mpya kidogo, na baada ya kuhama mara kadhaa inazunguka tu. Hapo fundi anachomeka njiti za kiberiti kwenye tundu, anakaza, anachukua pesa yake na kuondoka. Njiti hizo hazifiki Krismasi.

Kifungio kinachotanuka kinaacha thredi ya chuma ndani ya mbao. Bolti inaingia na kutoka kwenye chuma, mbao haiguswi.

Fisha ya ukutani haifai? Ni rahisi na iko kila hadwea.

Kwa mbao, hapana. Swali hili linakuja karibu kila siku, kwa hivyo acha tulieleze vizuri.

Fisha ilizaliwa kwa ajili ya kuta. Mwaka 1911 mkandarasi wa London, John Joseph Rawlings, alipata njia ya kufunga skrubu ukutani bila kubomoa sehemu kubwa ya plasta: kibomba kidogo cha nyuzi za juti zilizogandishwa kwa gundi. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer akatoa ile ya nailoni yenye mbawa, ambayo ndiyo mama wa karibu zote unazoziona madukani leo. Mafundi wetu wanapoita kifaa hicho fisha, wanamtaja yeye bila kujua.

Ukuta wa mawe au zege ni mgumu pande zote na hausogei. Fisha inasukuma kila upande kwa nguvu sawa, nao ukuta unairudishia nguvu hiyo. Mbao haiko hivyo. Ina upande mmoja wenye nguvu na upande mmoja dhaifu, na fisha haijui kuchagua. Kwenye mbao laini kama saipresi, kuta za tundu zinabonyea na fisha inachezacheza. Kwenye mkaratusi mkavu, mbao inapasuka kabla fisha haijashika. Zaidi ya hayo, fisha hutanuliwa na skrubu inayokata nailoni yake, kwa hivyo kuifungua na kuifunga mara nyingi kunairudisha kwenye ugonjwa ule ule wa skrubu.

Kwa nini mbao yangu hupasuka ninapokaza?

Kwa sababu kifungio kinasukuma upande usiofaa. Ukiondoka na kitu kimoja kwenye ukurasa huu, kiwe hiki.

Tazama ubao kwa karibu: nyuzi zinakwenda kwa urefu wake. Kuvuta mbao kwa kufuata nyuzi ni kazi ngumu sana. Kuzitenganisha nyuzi ubavuni ni rahisi, nguvu inayohitajika ni ndogo zaidi ya mara kumi, na ndiyo sababu shoka hupasua kuni kwa pigo moja lakini haikati gogo kwa pigo moja. Sasa toboa tundu usoni mwa ubao na uweke ganda lenye mbawa mbili, yaani nusu mbili za ganda lililopasuliwa. Mbawa zikifungukia ubavuni, yaani kukata mwelekeo wa nyuzi, zinazivuta nyuzi zitengane. Ufa unaanzia kwenye ukingo wa tundu na kukimbia kwa urefu wa ubao. Mbawa zikifungukia upande wa urefu wa nyuzi, zinakandamiza ncha za nyuzi, na ncha hizo zina uwezo wa kubeba.

Waliochonga viti vya miguu ya duara walijua hili kabla ya sisi wote. Kabari inayogongwa juu ya mguu wa kiti huwekwa ikikingama nyuzi za ubao wa kukalia, ili mguu utanuke kufuata nyuzi na usipasue ubao.

Kwa hiyo ganda la mbao tunalipasua mara moja, mbawa mbili, na juu ya ukingo wake tunaweka alama ndogo ya mstari. Fundi analaza mstari huo sambamba na nyuzi. Watu hutuuliza kwa nini hatupasui mara mbili tupate mbawa nne, kama bolti za kutanuka kwenye zege. Ukiwa na mbawa nne, mbili kati yake lazima zisukume ubavuni. Mbawa nne tunaziacha kwa MDF (ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) na plaiwudi, ambako hakuna mwelekeo mmoja wa nyuzi wa kuuogopa kwenye uso wa ubao.

Umbali kutoka ncha ya ubao nao una maana. Hata ukilaza alama sawasawa, tundu lililo karibu sana na ncha halina nyuzi za kutosha mbele yake za kuzuia. Kwa tundu la milimita 10 tunataka angalau milimita 60 hadi kwenye ncha, na ikiwezekana 70. Ubavuni milimita 25 zinatosha.

Kifungio kitanuke kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyofikiri. Watu wanaokuja na michoro yao huwa wameweka mtanuko wa milimita 3 au 4 kwenye tundu la milimita 10. Mbao itapasuka au itabonyea, na ikibonyea nyuzi zimevunjika, hazisukumi tena.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kipenyo kinaongezeka kwa mara mbili ya mwendo wa koni ukizidisha kwa tanjenti ya nusu ya pembe ya koni. Chukua bolti ya M6, yaani ya kipenyo cha milimita 6, ambayo thredi yake inasogea milimita 1 kwa kila mzunguko. Koni yenye nusu-pembe ya digrii 10 ina tanjenti ya 0.176. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa bolti unaongeza kipenyo kwa milimita 0.35 hivi.

Tuseme tundu ni milimita 10.0 na ganda ni 9.8. Nusu mzunguko na kidogo unakula ile nafasi ya 0.2, ganda linagusa mbao. Mzunguko mmoja baada ya hapo umeshaingia milimita 0.35 ndani ya mbao. Kwa mbao ngumu kama mvule au mkaratusi, hapo ndipo tunaposimama. Kwa saipresi na paini tunaruhusu mzunguko wa pili, 0.7. Zaidi ya milimita 1 hatujaona sababu yake kwenye mbao yoyote.

Badala ya kuongeza mtanuko, ongeza urefu. Ganda la milimita 30 linalotanuka kidogo kwa urefu wake wote linashika kuliko ganda la milimita 15 linalofunguka kama mwavuli mwishoni tu, kwa sababu mzigo unagawanyika kwenye nyuzi nyingi na hakuna sehemu moja inayoumia. Ubao ukiwa mwembamba kiasi kwamba urefu huo hauingii, basi fikiria bolti ya kupita upande wa pili na nati.

Na pembe ya koni?

Nusu-pembe kati ya digrii 6 na 10 imetufaa. Chini ya hapo koni inakwama kabisa na haitoki bila kugongwa. Juu ya hapo inarudi nyuma yenyewe.

Sababu ni msuguano. Koni inabaki mahali pake bila kushikwa ikiwa tanjenti ya nusu-pembe ni ndogo kuliko kigezo cha msuguano kati ya vitu viwili. Chuma juu ya brasi kavu tunahesabu 0.2, sawa na digrii 11 na kidogo. Ukiacha mafuta ya leithi, ile mashine ya kukereza, kwenye koni, kigezo kinaweza kushuka hadi 0.1, yaani chini ya digrii 6, na koni yako ya digrii 10 sasa inateleza. Osha vipande kwa petroli au parafini, vikaushe, ndipo uviunge. Ni kazi ya dakika chache ambayo karibu kila mtu huiruka.

Jambo lingine linalosahaulika: koni isizunguke pamoja na bolti. Ikizunguka, utakaza hadi kesho na hakuna kinachotanuka. Acha kijino kidogo ubavuni mwa koni kiingie kwenye mpasuo wa ganda. Kwa ganda lenye mpasuo wa milimita 1, kijino cha 0.9 kinatosha.

Nikaze kwa nguvu gani?

Kwa M6, karibu nyutoni-mita 3. Bila spana ya kipimo, hiyo ni kama kuvuta kwa nguvu ya kilo 2 kwenye mwisho wa spana ya sentimita 15. Inaonekana kidogo, lakini thredi inaikuza: bolti inavuta kwa takribani nyutoni 2,500, mzigo wa kilo 250, na koni inaikuza tena kabla haijafika kwenye mbao. Ukitumia drili ya kukazia bila kuipunguza nguvu, umepita hapo kabla hujatoa kidole. Kaza kwa mkono.

Nitengeneze kwa nailoni, brasi, zinki au chuma?

Inategemea unatengeneza vingapi na vitabeba nini.

Brasi, ile shaba ya njano, ndiyo tunayoipenda kwa oda ndogo. Fimbo ya brasi yenye risasi karibu asilimia 3 inakatika vizuri mno kwenye leithi, chipsi zake zinavunjika fupi fupi na hazijizungushi kwenye kifaa. Haipati kutu. Mbawa zake zinapinda na kurudi, mradi fimbo iwe ya kuvutwa na si ya kumiminwa. Kuna watu wanaoyeyusha mifereji na koki kuukuu na kuuza fimbo za kumimina kwa bei nzuri. Ukizikata utaona vitundu vya hewa ndani, na ganda la namna hiyo linavunjika mbawa siku ya kwanza. Gonga fimbo kwa nyundo kabla ya kununua na uisikilize, au kata kipande na uangalie moyo wake.

Nailoni inashinda kwa oda kubwa. Hapa watu hujikwaa kwa maji. Nailoni inanyonya unyevu hewani, na punje zenye unyevu zikiingia kwenye mashine ya injeksheni maji yanakuwa mvuke, kipande kinatoka na michirizi ya fedha na mapovu ndani. Kausha punje kwa nyuzi joto 80 hivi kwa saa nne au zaidi. Ajabu ni kwamba kipande kikishatoka kinahitaji maji hayo hayo: nailoni mpya kabisa ni kavu na inavunjika ikitanuliwa. Iloweke, au iache kwenye hewa siku nyingi, ndipo inakuwa na unyumbukaji. Pia inanywea ikipoa, asilimia 1 hadi 1.5, kwa hiyo kalibu ya kipande cha milimita 10 inachongwa kubwa kidogo, karibu 10.12.

Aloi ya zinki ile ya kumiminwa kwenye kalibu kwa shinikizo inayeyuka chini ya nyuzi joto 400, na unaweza kupata umbo lolote. Inafaa kwa koni na nati. Kwa mbawa za ganda haifai, kwa sababu haipendi kupindwa, na ikibebeshwa mzigo wa kudumu inalegea polepole.

Chuma kina nguvu kuliko vyote na bei yake ni nafuu, lakini kinahitaji kupakwa zinki. Polipropilini ni rahisi kuliko nailoni. Usiitumie, inaachilia mzigo baada ya wiki chache.

Naweza kutengenezewa Nairobi, au lazima niagize Uchina?

Unaweza, na kwa majaribio ya mwanzo tunakushauri ufanye hapa, kwa sababu utabadilisha mchoro mara nyingi na huwezi kusubiri kontena kila unapobadilisha mawazo.

Vipande vya brasi au chuma vinakerezwa kwenye karakana za leithi hapa Kariobangi na Eneo la Viwanda. Kamukunji ni hodari kwa bati na kufua chuma, si kwa vipimo vya sehemu ya kumi ya milimita, kwa hivyo usiwape kazi hii halafu ulalamike. Vyuo vikuu na KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, wana mashine na watu wa kukushauri.

Mpangilio wa kazi kwa ganda la milimita 9.8 tunaufanya hivi. Fimbo inashikwa, inakerezwa nje, na meno yanachongwa: miduara yenye kina cha nusu milimita, upande mmoja mteremko na upande mwingine wima, wima ikitazama mdomo wa tundu ili izuie kutoka. Kisha tundu la 6.4 linapigwa katikati ili bolti ya M6 ipite huru, na mdomo wa chini unapanuliwa kwa pembe ya koni. Ndipo inatobolewa kitundu cha milimita 2 kukingama ganda, theluthi moja kutoka juu. Mpasuo unakuja mwisho kabisa, kutoka chini hadi kwenye kitundu hicho. Kitundu kinazuia ufa kuendelea kupanda kila mbawa zinapofunguka. Ukipasua kwanza na kukereza baadaye, mbawa zinafunga chini ya kifaa na kila kitu kinatoka yai. Kisu cha msumeno wa chuma cha mkono kinatosha kwa mpasuo, ukiwa na kishikio cha kuliweka ganda wima. Malizia kwa tupa ndogo, hasa ndani, ambako chembe moja iliyoachwa inaikamata koni.

Koni inatobolewa 5.0 na kuchongwa thredi ya M6.

Kuhusu bei: brasi haina gharama ya kuanzia, lakini kila kimoja kina kazi ya mkono. Nailoni inadai kalibu, na kalibu ni pesa nyingi kabla hujauza hata kimoja, ila baada ya hapo kila kipande ni cha senti. Usichonge kalibu mpaka mafundi wasio ndugu zako wamekitumia kifungio cha brasi na kurudi kununua kingine.

Printa ya 3D je?

Kwa kuonyesha umbo, sawa. Kwa kubeba mzigo, kumbuka kwamba kipande kilichochapishwa kikiwa kimesimama kina matabaka yanayokingama mbawa, na mbawa zitakatikia hapo hapo kwenye tabaka. Kichapishe kikiwa kimelala.

Nitumie biti gani, na tundu liwe na kipenyo gani?

Biti ya mbao yenye ncha ya katikati na makali mawili ya pembeni, sio biti ya chuma na kamwe sio ya zege. Biti ya zege inaponda mbao na tundu linatoka kubwa lenye manyoya. Pima tundu kwenye kipande cha mbao kabla ya kuagiza ganda. Biti iliyoandikwa 10 ikiwa imepinda kidogo inatoboa 10.3, na mtanuko wako wote umeishia hapo. Kina kiwe urefu wa ganda na koni, kisha ongeza milimita 3 za vumbi.

Kwenye MDF na chipbodi kinashika?

Usoni, ndiyo. Ukingoni, kwa shida.

Uso wa MDF ni mgumu, na ganda la mbawa nne linakaa vizuri. Ukingo wake ni habari nyingine, kwa sababu ubao umeshindiliwa kwa matabaka na kifungio kikitanuka katikati kinayatenganisha. Ubao wa milimita 18 ukitobolewa tundu la 10 ukingoni, kila upande unabaki na milimita 4 tu. Tumia la 8, bolti ya M5 au M4, ganda refu, na mbawa mbili zinazofungukia urefu wa ubao badala ya unene wake. Chipbodi katikati ni punje kubwa zilizolegea, kwa hivyo ukingoni kwake tunapendekeza gundi pamoja na kifungio.

Bawaba za kikombe, zile za tundu la milimita 35, nyingine huja na plagi zake za kutanuka za tundu la 8 au 10. Kwa milango ya chipbodi hizo ni bora kuliko skrubu fupi.

Mbao zetu za hapa zina tabia gani?

Saipresi na paini ni laini na zinasamehe. Mradi ganda liwe refu. Grevilea iko katikati. Mkaratusi ni mgumu na hupasuka kwa hasira, hasa ukiwa haukukaushwa vizuri. Toboa tundu lenye nafasi ndogo sana na usipite mzunguko mmoja. Mahogani inafanya kazi kwa adabu. Muhuhu tumeujaribu, na ukweli ni kwamba mbao ile haihitaji kifungio cha kutanuka. Chonga thredi moja kwa moja.

Mbao zenye tanini nyingi, mkaratusi ukiwemo, hutoa doa jeusi zikigusana na chuma penye unyevu. Kama kazi itaonekana, tumia brasi.

Unyevu unaathiri vipi?

Sana. Mbao inafura na kunywea kwa upana wake, kwa urefu karibu haisogei. Ikikaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65, maji ndani yake yanatulia karibu asilimia 12. Mbao mbichi inayouzwa kando ya barabara ina maji mengi zaidi ya hapo. Ukiweka kifungio leo, mbao ikikauka tundu linabadilika umbo, linakuwa yai, na kifungio kinalegea bila mtu kukigusa.

Meza iliyotengenezwa Nairobi wakati wa jua la Januari na kupelekwa Mombasa itafura. Ile iliyotengenezwa katikati ya mvua ya Aprili kwa mbao ambayo haikukauka itanywea. Hapa mbawa zinazofuata nyuzi zinasaidia mara ya pili, kwa kuwa zinasukuma upande ambao mbao haisogei. Hata hivyo, mwambie mteja akaze tena kidogo baada ya msimu mmoja.

Nitajuaje kifungio changu kinabeba kilo ngapi?

Maabara zina mashine za kuvuta, na kuna kiwango cha Ulaya, EN 320, kinachoeleza jinsi ya kupima skrubu kwenye mbao za kutengenezwa kama chipbodi. Lakini unaweza kujua mengi kwa jerikani ya lita 20.

Chukua paipu ya chuma yenye urefu zaidi ya mita 1. Weka egemeo mwisho mmoja. Sentimita 10 kutoka kwenye egemeo, funga kishikio kinachovuta bolti ya kifungio juu, mbao yenyewe ikiwa imebanwa chini. Sentimita 100 kutoka kwenye egemeo, funga kamba kwenye paipu, ipitishe kwenye kapi lililo juu, na ning'iniza jerikani upande wa pili wa kamba ili paipu ivutwe juu. Kila lita moja ya maji ni kilo 10 kwenye kifungio. Ongeza lita moja moja na uandike. Jerikani ikijaa na kifungio hakijatoka, kimebeba karibu kilo 200. Uzito wa paipu nao uweke kwenye hesabu, na usiweke mguu chini ya jerikani.

Kipimo cha haraka hakitoshi. Acha nusu ya mzigo ule ukae usiku kucha, kisha pima kama kifungio kimesogea. Nailoni na zinki huonyesha tabia zao hapo. Baada ya hapo fungua na ufunge mara ishirini na urudie. Jaribu vipande kadhaa vya mbao moja, kwa sababu matokeo yatatofautiana hata ndani ya ubao ule ule, na kinachokuhusu ni kile kilichoshindwa mapema, sio wastani.

Kuna cha kutanuka kisichotumia chuma?

Kipo. Biskuti za mbao, zile zilizobuniwa na Mswisi Hermann Steiner miaka ya 1950, ni vipande vya mti wa biichi vilivyoshindiliwa. Gundi ya maji ikivigusa vinafura ndani ya mfereji na kubana. Dawali (vijiti vya duara vya kuungia mbao) zenye mifereji hufanya hivyo kwa kiasi kidogo.

Kuna pia ulimi, yaani ncha ya ubao iliyochongwa kuingia kwenye tundu la ubao mwingine, wenye kabari iliyofichwa: kabari inachomekwa nusu kwenye ncha ya ulimi, na unapougonga ndani ya tundu lisilopita, sakafu ya tundu inaisukuma kabari na ulimi unatanuka. Kiungo hicho hakifunguki tena maisha. Pima kabari vizuri, maana ikiwa ndefu inafika mwisho kabla kiungo hakijafunga, na hapo huwezi kwenda mbele wala kurudi.

Nimebuni changu. Nikisajili wapi?

KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwanda, kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001. Hataza (patenti) inadumu miaka 20. Kwa maboresho madogo kuna cheti cha modeli ya matumizi, miaka 10, na masharti yake ni mepesi kwa sababu hudaiwi kuthibitisha hatua kubwa ya ubunifu, upya tu na kufaa kiwandani. Kama kipya ni sura tu, sajili muundo wa kiwandani: miaka 5, unaoweza kurudiwa mara mbili. Wasilisha ombi kabla ya kuweka video mtandaoni. Na utafute kwanza hataza zilizopo, kwa sababu koni ndani ya ganda imeshabuniwa mara nyingi. Kipya chako huenda ni mpangilio wa mbawa au namna koni inavyozuiwa kuzunguka.

Naweza kufungia paa au ngazi?

Hapana. Kwa kitu kinachobeba watu juu ya vichwa vya watu, tumia bolti inayopita na nati na washa pana, au viungo vilivyopigiwa hesabu na mhandisi.

Kimeanza kuzunguka ndani ya tundu. Nifanyeje?

Kwanza usikaze zaidi. Legeza bolti mizunguko miwili, igonge kichwa taratibu ili koni ishuke, kisha vuta ganda nje kwa koleo. Angalia tundu kwa tochi. Likiwa safi ila limepanuka, weka ganda la saizi inayofuata baada ya kutoboa upya. Likiwa na ufa, jaza gundi ya mbao ndani ya ufa, bana kwa klampu hadi kesho yake, halafu toboa tundu jipya angalau milimita 40 mbali na la zamani, na si kwenye mstari ule ule wa nyuzi. Kama mbawa za ganda zimebaki wazi zenyewe bila kurudi, litupe. Brasi iliyochoka haishiki mara ya pili.